Ng'ombe Anapotupa Mimba: Chanzo Chake na Namna ya Kukitafuta

Hotuba kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wahimilishaji na maafisa mifugo wa kanda ya kaskazini

Ndugu wafugaji, ndugu zangu maafisa mifugo na wahimilishaji mnaowapandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu mmelikuta zizini kwenu au kwa jirani: ng'ombe aliyepimwa akaonekana ana mimba, akatunzwa miezi mitano au saba, kisha asubuhi moja anakutwa kondo likining'inia na kijusi kimelala kwenye majani. Ninachotaka tukubaliane leo nitakisema mapema. Magonjwa yanayoleta hasara hii ni mengi, na dalili zake zinafanana kiasi kwamba hakuna daktari wa mifugo, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, anayeweza kukitaja chanzo kwa kutazama kwa macho tu. Kinachoweza kutuambia ukweli ni kijusi, kondo na ute wa ukeni vilivyochukuliwa siku ileile, na hivyo ndivyo vitu ambavyo sisi huwahi kuvitupa.

Kati ya mwaka 2017 na 2019 watafiti walifuatilia matukio ya kutupa mimba kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo katika mikoa yetu ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, wakitegemea taarifa za wafugaji zilizopitia kwa maafisa mifugo wa kata. Pamoja na maabara zote walizozitumia, chanzo kilithibitika katika takriban tukio moja kati ya matano. Idadi hiyo isiwavunje moyo, kwa kuwa hata katika nchi zenye maabara kubwa na barabara nzuri ni kawaida zaidi ya nusu ya matukio kurudi bila jibu. Lakini kazi ile ilituonyesha pia kwamba ute uliofutwa ukeni kwa kijiti cha pamba mapema baada ya mimba kutoka ulikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutoa jibu, na kwamba nafasi hiyo ilipungua kadiri muda ulivyopita. Kijiti cha pamba na chupa ndogo ni vitu ambavyo afisa mifugo wa kata anaweza kuwa navyo mkobani, na ndiyo maana naona jambo hili liko ndani ya uwezo wetu.

Kabla ya kutaja magonjwa, tuangalie kalenda. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, na kwa ng'ombe wetu wa asili huweza kuzidi kidogo hapo. Mimba nyingi zinazopotea hupotea mwanzoni kabisa, kabla ya siku ya 42, wakati kiinitete ni kidogo mno kuonekana kikitoka. Kati ya siku ya 15 na ya 17 kiinitete hutoa kichocheo kinachouzuia mwili wa mama usiingie tena kwenye joto, yaani hali ya kutaka kupandwa. Kikifa kabla ya hapo, ng'ombe hurudi kwenye joto baada ya siku zake 21 za kawaida, na mfugaji husema hakushika mimba. Kikifa baada ya hapo, hurudi kwa kuchelewa, pengine siku ya 30, ya 35 au ya 40. Kwa hiyo tarehe za joto mlizoandika kwenye daftari ni sehemu ya uchunguzi. Ng'ombe mmoja anayechelewa kurudi anaweza kuwa na sababu yake mwenyewe, ikiwemo joto lililompita mfugaji bila kuonekana, ila mkiona watatu au wanne waliopandwa na dume mmoja wote wanarudi kwa tarehe zisizoeleweka, dume huyo na achunguzwe.

Nasema dume kwa sababu yako magonjwa mawili yanayohama kwa kupandana, nayo humkuta dume bila kumwonyesha dalili yoyote. Moja huletwa na bakteria aitwaye Kampailobakta, na jingine na kimelea kiitwacho Tritrikomonasi. Vyote viwili hukaa katika mikunjo ya ngozi ya uume wa dume, hasa dume mwenye umri mkubwa, na kila anapopanda huviacha kwa jike. Jike hushika mimba, huipoteza mapema, hurudiwa mara kadhaa, na wachache hutupa mimba ya miezi minne hadi sita au hujaa usaha kwenye kizazi. Dume mmoja wa kukodi anayezungushwa kijiji kizima anaweza kuwaambukiza majike wengi kabla ya mtu yeyote kushtuka. Kwa magonjwa haya uhimilishaji una faida ambayo haizungumzwi vya kutosha, kwa kuwa madume ya vituo vinavyosimamiwa vizuri hupimwa, na mbegu yao huandaliwa kwa dawa za kuua bakteria.

Sasa nije kwenye mimba inayotoka ikionekana, na hapa nitaanza na ugonjwa ambao wafugaji wengi wameuita moja kwa moja ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela. Bernhard Bang alimgundua bakteria wake huko Denmark mwaka 1897, na tangu hapo hajawahi kutuacha. Ng'ombe aliyeambukizwa hutupa kwa kawaida kati ya mwezi wa tano na wa saba au baada yake, na mara nyingi kondo hubaki. Ukilitandaza kondo hilo juu ya karatasi safi ya nailoni utaona vile vifundo vyekundu vinavyolishikisha kwenye kizazi vimegeuka rangi ya njano au kijivu, na utando ulio kati yake umekuwa mnene kama ngozi iliyokauka, una uchafu mzito juu yake. Mkimpasua kijusi na kufikia tumbo lake la nne, maji yaliyomo, ambayo kwa kijusi kisicho na ugonjwa huwa mepesi, yanaweza kuwa na ukungu wa njano na vipande vidogo vinavyoelea. Dalili hizi ni kiashirio tu, kwa sababu magonjwa mengine huweza kuacha alama za namna hiyo. Hata hivyo, mkiziona, jizuieni kugusa kitu chochote zaidi kwa mikono mitupu.

Kuna tabia moja ya brusela inayowapotosha wafugaji kuliko nyingine zote. Ng'ombe wengi walioambukizwa hutupa mara moja tu. Mimba inayofuata hufika mwisho, ndama huzaliwa akiwa hai, na mwenye ng'ombe husema ugonjwa umepona wenyewe au dawa aliyonunua dukani imefanya kazi. Lakini ng'ombe huyo hubaki na bakteria mwilini, na huwatoa kwa mamilioni kila anapozaa, na pia katika maziwa. Anaponunuliwa kwa bei nzuri na kupelekwa boma jingine, huko nako mitamba huanza kutupa mwaka unaofuata. Nawaomba msimwingize ng'ombe mgeni zizini kabla ya kupimwa damu, hata kama muuzaji ni ndugu yenu na mnamwamini kwa kila jambo.

Vipimo vyake vinajulikana. Kipimo cha Rose Bengal ni cha haraka, tone la maji ya damu huchanganywa na tone la dawa ya rangi na jibu huonekana kwa dakika chache, kisha kinachoonekana kuwa na ugonjwa huthibitishwa kwa kipimo cha elisa, kinachotafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa. Maziwa ya kundi zima nayo huweza kupimwa kwa pamoja. Hata hivyo kingamwili huchelewa: ng'ombe aliyetupa jana anaweza kuonekana msafi leo na kuonekana mgonjwa baada ya wiki tatu. Tena mtamba aliyezaliwa na mama mgonjwa anaweza kupita vipimo vyote hadi atakapotupa mimba yake ya kwanza. Kwa chanjo ya brusela iitwayo S19, tunachanja ndama majike wa miezi 3 hadi 8 ili kingamwili za chanjo ziwe zimepungua wanapofikia umri wa kupimwa, maana mtamba aliyechanjwa akiwa mkubwa anaweza kuonekana mgonjwa wakati siye. Tarehe ya chanjo na iandikwe kwenye kadi ya ng'ombe, ili maabara isije ikatoa jibu linalompeleka mnyama mzima machinjioni.

Ugonjwa wa pili ninaotaka kuukalia kitako ni Homa ya Bonde la Ufa, kwa kuwa ni wa kwetu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 katika shamba lililo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako kondoo walitupa mimba na wanakondoo wakafa kwa wingi. Kirusi chake husambazwa na mbu, na mayai ya baadhi ya mbu hao yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri mvua kubwa ya kuyaamsha. Milipuko ya mwaka 1997 na 1998, kisha ya 2006 na 2007, iliyokuja na mvua zisizo za kawaida Kenya, Somalia na Tanzania, iliua mifugo na watu. Mkiona mimba za umri wote zinatoka ndani ya siku chache katika maboma mengi, za ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa pamoja, na ndama wachanga wanakufa, na mvua imenyesha kupita kiasi, toeni taarifa siku hiyohiyo bila kusubiri jibu la maabara.

Ila tusidhani ugonjwa huu huja kwa kishindo tu, wala kwa wafugaji wa maeneo makavu tu. Mwaka 2018 ulithibitika kwa ng'ombe wa maziwa waliofungwa mabandani pembezoni mwa mji wa Moshi, wakiwa wametupa mimba bila watu kuona mlipuko wowote mkubwa, na baadhi ya maziwa yao yalikutwa na vinasaba vya kirusi. Hao walikuwa ng'ombe wanaoletewa majani, wasiotoka kwenda malishoni. Bila ya mtu kutoa taarifa na mwingine kwenda kuchukua sampuli, matukio yale yangeandikwa kuwa ni bahati mbaya ya kila mfugaji peke yake.

Kisha mbwa. Kimelea kiitwacho Neospora huzaliana kwenye utumbo wa mbwa, hutoka na kinyesi chake, na ng'ombe hukipata kwenye majani, pumba au maji yaliyochafuliwa. Mbwa naye hukipata kwa kula kondo, kijusi au nyama mbichi ya ng'ombe aliyeambukizwa. Nimekuta zaidi ya mara moja, nikiwa nimeitwa nyumbani kwa watu, mbwa wa boma akiwa nyuma ya banda analimalizia kondo nililofuata. Hapo tumepoteza sampuli na tumemlisha ugonjwa yule atakayeurudisha kwenye hori. Ng'ombe mwenye Neospora hutupa mara nyingi mwezi wa tano au wa sita, haugui, hana homa, na kibaya zaidi ni kwamba akizaa ndama jike mzima, ndama huyo huwa na uwezekano mkubwa wa kuzaliwa na kimelea mwilini na kukipitisha kwa watoto wake. Kwa hiyo mkiona kutupa mimba kunafuata ukoo, bibi, mama na binti, lifikirieni jambo hili kabla ya kubakiza mtamba wa uzao huo. Chanjo ya kutegemea hatuna; tunacho kifuniko cha hori, uzio, na shimo la kuzikia.

Mengine nitayapita kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. Leptospira hutokana na mikojo ya wanyama walioambukizwa na maji yaliyotuama, na mimba hutoka zaidi katika miezi ya mwisho. Virusi vya kuhara kwa ng'ombe na vya homa ya pua huenda kimyakimya na huwa vigumu kuvitambua bila maabara. Homa ya Q humpata mtu kwa kuvuta hewa yenye vumbi la kondo lililokauka. Ukungu wa majani makavu yaliyohifadhiwa vibaya huweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye kondo, na wakati mwingine ngozi ya kijusi huonyesha mabaka ya kijivu yanayofanana na mashilingi. Ndigana kali, ndigana baridi, nagana na magonjwa mengine yenye homa kali yanaweza kuiondoa mimba kwa ukali wa homa na udhaifu wa mama, hata kama kijusi chenyewe hakina kimelea. Hapo jibu liko kwenye damu ya mama na tezi zake, wala halimo ndani ya kijusi.

Lipo kundi jingine ambalo nalisema kwa uchungu kwa kuwa linatoka mikononi mwetu wataalamu na wauza dawa. Deksamethasoni, dawa inayochomwa kupunguza uvimbe, huweza kuanzisha uchungu kwa ng'ombe aliye katika miezi ya mwisho ya mimba. Prostaglandini, inayotumika kuleta joto, huuondoa uvimbe wa manjano wa kwenye ovari unaoishikilia mimba, na kwa mimba changa matokeo ni ya hakika karibu kila mara. Na ng'ombe mwenye mimba huweza kuonyesha dalili za joto. Mhimilishaji akipitisha mrija kwenye mlango wa kizazi bila kupima kwanza, ameipasua mimba kwa mkono wake. Kabla ya sindano yoyote mfugaji ana haki ya kumuuliza mtaalamu ni dawa gani na kama inafaa kwa ng'ombe mwenye mimba, na mtaalamu ana wajibu wa kujibu bila kukasirika. Kuhusu kuteleza, kurukwa na wenzake au kupigwa pembe, mambo haya hutajwa na wafugaji kila mara, na yanaweza kutokea, lakini kijusi kimekingwa vizuri na maji yake, hivyo tusiyakubali kuwa chanzo mpaka magonjwa yametafutwa na kukosekana.

Nije kwenye kazi yenyewe ya siku ya tukio. Mtengeni ng'ombe huyo na wenzake. Anayemshughulikia avae glavu ndefu, viatu vya mpira, na kitu cha kuziba mdomo na pua; mama mjamzito asisogee kabisa, wala watoto. Mpigieni simu afisa mifugo kabla ya kusafisha banda. Funikeni kijusi na kondo kwa beseni au debe lenye jiwe juu, mahali penye kivuli, mbwa wasifike.

Afisa anapofika aanze kwa kukipima kijusi kutoka utosini hadi mwanzo wa mkia. Kuna kanuni rahisi: idadi ya miezi ikizidishwa na idadi hiyo iliyoongezewa mbili hutoa urefu kwa sentimita. Kijusi cha miezi mitatu ni takriban sentimita 15, cha mitano 35, cha saba 63. Umri huo ukilinganishwa na tarehe ya kupandwa hutueleza kama kijusi kilitoka kikiwa kimekufa karibuni au kilikaa kimekufa kizazini kwa wiki kadhaa, na kilichokauka au kuoza sana mara nyingi hakitatoa jibu la maana. Achukue ute wa ukeni kwa kijiti cha pamba, vipande vya kondo vyenye vifundo vilivyobadilika na ambavyo havijabadilika, maji ya tumbo la nne la kijusi kwa sindano safi, na vipande vya pafu, ini, wengu, moyo na ubongo. Seti moja iwekwe kwenye baridi, katika kiboksi chenye barafu, isigandishwe ikiwa itafika maabara ndani ya siku moja; seti ya pili iwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa kipande, na vipande viwe vyembamba ili dawa ipenye. Achukue damu ya mama siku hiyo, na arudi baada ya wiki tatu kuchukua nyingine. Damu mbili zikilinganishwa, kingamwili zilizopanda hueleza zaidi kuliko damu moja, ingawa kwa magonjwa mengine kingamwili huwa zimekwisha kupanda kabla mimba haijatoka.

Kituo cha kanda cha Wakala ya Maabara ya Veterinari hapa Arusha kinapokea sampuli. Karatasi inayoambatana nazo iwe na umri wa mama, mimba ya ngapi, tarehe ya kupandwa na dume au mbegu iliyotumika, chanjo, dawa alizochomwa mwezi uliopita, wangapi wengine wametupa, kama kuna ng'ombe mgeni zizini, na kama kuna mtu nyumbani mwenye homa. Swali hili la mwisho lisiachwe. Brusela kwa binadamu huja na homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na wagonjwa wengi hutibiwa malaria au homa ya matumbo kwa miezi. Mtu wa nyumba iliyotupa mimba akienda hospitali amwambie daktari kwamba anafuga na kwamba ng'ombe wake ametupa. Maziwa yachemshwe kwa kila anayeyanywa nyumbani, akiwemo yule babu anayesema ameyanywa mabichi tangu ujana wake.

Jibu likirudi, lisomeni kwa uangalifu. Kukuta kingamwili za Leptospira au Neospora kwa ng'ombe mmoja kunaonyesha kwamba amewahi kukutana na kimelea, na hakuthibitishi kwamba ndicho kilichomtoa mimba; wenzake wasiotupa wapimwe pia ili tulinganishe. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba, kikikuta vinasaba vya kimelea kwenye kijusi chenyewe, na kipande cha kondo chini ya hadubini kikaonyesha madhara yanayolingana na kimelea hicho, hapo tunasema kwa uhakika. Jibu likirudi kwamba hakuna kilichopatikana, msichane karatasi. Liunganisheni na la tukio linalofuata, na la jirani, kwa kuwa mara nyingi tukio la tatu au la nne katika kata moja ndilo linalofungua yale yaliyotangulia. Sampuli zikishachukuliwa, masalia yazikwe kwenye shimo refu lenye chokaa, na sakafu ioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa ikauke juani. Ng'ombe asipandishwe tena mpaka kizazi kimesafika, na kwa aliyetupa mimba kubwa tunampa angalau siku 60, baada ya majibu ya damu ya pili kurudi.